Jino la Nyuma la Siwema

Lisikilizeni shauri la nyumba moja ya Handeni, na asitoe mtu hukumu kabla halijaisha.

Katika nyumba hiyo waliishi watu wazima watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwajabu alikuwa na jicho: aliona kupe kwenye sikio la mbuzi kabla mbuzi hajajikuna. Bi Tunu, mama mkwe wake, alikuwa na mkono: mtoto aliyelia mtaa wa pili aliletwa kwake, akanyamaza. Mhando, mume wa Mwajabu, alikuwa na neno: alilisema mara moja, nyumba nzima ikalifuata. Wote walimpenda Siwema, mtoto pekee wa nyumba ile, na hilo halina mpinzani.

Siwema alipokuwa na miaka sita na nusu, Mwajabu alikuwa akimsuka, mtoto akapiga mwayo. Mama akaona kitone cheusi, kama kichwa cha sindano, juu ya jino la mwisho nyuma.

"Mama, hebu tazama hapa. Tumpeleke kwa daktari wa meno?" akamwuliza mkwewe.

Bi Tunu akatazama. "Mwanangu, hilo la maziwa. Huyu hata ya mbele hajamaliza kung'oa. Unampeleka mtoto akatibiwe kitu cha kuanguka?"

Mwajabu akayapima maneno hayo, akayaona yana mantiki. Akaamua kungoja shule zifungwe. Zilipofungwa, mahindi yalikuwa yakivunwa. Akangoja zifungwe tena. Ndivyo jicho lilivyoona, likaahirisha.

Jino likaanza kuuma. Bi Tunu akaponda karafuu, akaipachika penye shimo kwa pamba, akambembeleza mjukuu hadi akalala. Maumivu yaliporudi, karafuu nayo ikarudi. Mwajabu akauchukua utulivu ule kuwa ushahidi wa kupona. Ndivyo mkono ulivyotuliza, ukaficha.

Ikafika siku karafuu ikashindwa. Siwema alilia mkekani, akasukuma ugali. Mhando, aliyetoka shamba amechoka, hakuinua hata sauti.

"Deka tu. Nitakupeleka kwa daktari wa meno akung'oe yote, ubaki kibogoyo kama bibi yako."

"Nami nitapata mwenzangu wa kunywa uji," akasema Bi Tunu.

Mwajabu akacheka pamoja nao. Siwema hakucheka. Tangu siku ile alitafunia upande mmoja, akalalia upande mmoja, na kila alipoulizwa alisema haliumi. Ndivyo neno lilivyosemwa, likatiiwa.

Alikuwa ametimiza miaka minane shavu lilipovimba hata jicho likafumba. Wakaenda hospitali wote wanne. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimchunguza, akamwomba Mhando atoke na mtoto kidogo.

"Mara ya kwanza mlimleta kwa daktari wa meno lini?"

"Leo," akajibu Mwajabu.

"Mtoto huletwa jino la kwanza linapochomoza, asipitishe mwaka mmoja. Hata kama haumwi. Yeye anazoea, na ninyi mnaelezwa."

"Tulijua ni la maziwa," akasema Bi Tunu.

"Hapana, bibi. Hili huota nyuma ya yale ya maziwa, bila jingine kung'oka. Ndiyo maana wengi hukosea. Hili lilikuwa la maisha. Limeoza hadi kwenye mzizi. Nitaling'oa, na halitaota lingine."

Jioni ile Siwema alilirusha jino lake juu ya paa ili liote jingine, kama bibi yake alivyomfundisha kwa yale ya mbele. Na yale ya mbele, kwa hakika, yaliota upya.

Watatu wakabaki uani.

"Kosa ni langu," akasema Mhando. "Angelia, tungempeleka."

"Angelia nini, na mimi nilikuwa nimemziba mdomo kwa karafuu?" akasema Bi Tunu.

Mwajabu alizipima hoja zote, moja baada ya nyingine. Kama yeye angeenda siku ya kitone, karafuu isingehitajika. Kama karafuu isingekuwepo, kilio kingewapeleka. Kama tishio lisingetamkwa, kilio kingewapeleka vilevile. Ukimwondoa yeyote kati ya watatu, jino lipo. Kwa hiyo kosa halikugawanyika. Kila mmoja alilibeba zima. Likabaki swali la nani amweleze mtoto kwamba halitaota lingine.

"Nikimwambia mimi, ataamini nilimtishia nikatimiza," akasema Mhando.

"Mimi ndiye niliyemwahidi litaota," akasema Bi Tunu. "Nitamtazama vipi?"

Mwajabu alijua ni yeye aliyeliona kabla ya wote.

Miezi minne imepita. Kila asubuhi Siwema humwendea mama yake, akafungua kinywa kuelekea mwangani.

"Mama, wewe ndiye unayeona vizuri. Limechomoza?"

Mwajabu huona ufizi uliofunga, laini, hauna kitu.

"Bado."

Leo mtoto hakuondoka. Alifunga kinywa, akafikiri, kisha akauliza polepole:

"Au nililirusha vibaya?"

Mhando alikuwa mlangoni, Bi Tunu jikoni, Mwajabu mbele ya mtoto. Wote walisikia.

Basi, wewe uliyesikia madai yote na kuona kwamba hakuna mwenye kosa zito kuliko mwenzake: kati ya jicho, mkono na neno, ni nani unayemwamuru amjibu Siwema?