Heshima ya Zimwi

Nitegeeni sikio moja, la pili lipumzike. Palikuwa na zimwi aliyeishi pangoni peke yake, na kwa desturi ya kwao, heshima kubwa ya mgeni ni kumla. Akaja mrina asali, akapikiwa, akashiba, akaliwa. Akaja mganga, akapikiwa, akashiba, akaliwa. Wa tatu akaja Bi Mwanamkasi, mjane muuza vyungu.

"Kula ushibe, mama," zimwi akasema, "kisha nikule kwa heshima, kama nilivyowala wenzako."

"Kwetu hiyo tunaiita kuua, mwanangu."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni wema."

"Na hao wenzangu walishukuru?"

Zimwi akajikuna. "Walilia."

"Wema gani huo, anayetendewa analia?"

"Hata mimi hulia. Nikishamaliza kula, sina wa kuzungumza naye."

Kisha zimwi akasukuma kando jiwe lililoziba mlango wa pango, mama apite. "Utarudi kunitazama?"

"Sirudi," akajibu, maana hakutaka kumdanganya. "Nakuogopa."

Akajitwika vyungu, akashika njia. Zimwi akamtazama mpaka akapotea, tumbo likimuuma, asijue kama ni njaa au ni upweke.

Hadithi yangu imekomea pale mlangoni. Sisi tumetoka, yeye bado yumo.