Kikohozi cha Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombana na majirani, Bi Digidigi aliishi kando ya chemchemi, chini ya mlima mrefu. Jirani yake alikuwa Bwana Nyati, mwenye kifua kipana kama mlango.

Asubuhi moja Nyati akaja, puu, puu, puu.

"Jirani, maji haya hayatutoshi. Tushindane mbio, mizunguko kumi. Atakayeshindwa ahame."

Bi Digidigi akaingiwa na hofu. Wanawe wawili walikuwa wadogo, na maji mengine yalikuwa mwendo wa siku tatu. Ila mila aliijua: anayeita mbio hutaja masharti, anayeitwa huchagua siku na uwanja.

"Sawa, shemeji," akajibu, akakohoa, koho koho. "Kifua kinanisumbua. Nipe miezi miwili nijiuguze. Na tushindane kule juu mlimani, kwenye uwanda. Kuna ubaridi, hata wewe hutatoka jasho."

Nyati akacheka mpaka masikio yakamtikisika. "Chagua hata mawinguni. Mbio ni mbio."

Kesho yake Bi Digidigi akawaacha wanawe nyumbani na bibi yao, akapanda mlimani kwa shoga yake Pimbi.

Msidhani alifika akaanza kurukaruka. Wapi! Alikimbia hatua ishirini tu akaanguka, hee, hee, hee. Akalia. "Nimejiponza mwenyewe."

"Tulia, shoga," Pimbi akamwambia, huku akimpa uji. "Hewa ya huku ni haba, mwili huizoea polepole. Wiki hii tembea tu."

Akatembea. Wiki iliyofuata akakimbia kidogo. Mwezi wa pili alikuwa akiuzunguka uwanda huku anapiga soga.

Siku ya mbio Nyati alipanda alfajiri ileile, tumbo limejaa majani. Mzunguko wa kwanza akaongoza, puu, puu. Wa pili, hee, hee. Wa tatu akapiga magoti, macho yamemtoka.

Bi Digidigi akamaliza yote kumi, kisha akaja kusimama mbele yake.

"Umeniroga," Nyati akasema kwa tabu. "Na kile kikohozi?"

"Kilipona nilipokupa mgongo, shemeji. Kupumua ndiko kulikonichukua miezi miwili."

Jioni Nyati akafunga virago, na wale wadogo wawili wakanywa maji bila kutazama nyuma.

Nami nawaachia hili, wajukuu zangu: aliyetangulia kuzoea humshinda aliyezaliwa na nguvu.