Kamba ya Thora

Nitegeeni masikio, jamaa.
— Tumeyatega.
Nimwage, nisimwage?
— Mwaga, ila usituunguze.

Basi hapo kale, mbali kaskazini, kwenye visiwa vya Uskoti ambako upepo haupumziki, aliishi mjane jina lake Thora. Babu zake walivuka bahari kutoka Norwe, wakaja na ng'ombe wao, nyundo zao na sheria zao. Thora alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ketili, na ng'ombe mmoja mwekundu, mtamba, jina lake Rauda. Mume hakuwa naye. Bahari ilimchukua, wala haikurudisha hata kofia.

Wakati wa baridi akaja bwana mpya kutoka kusini, Bwana Konali, amepewa kisiwa na mfalme. Akatangaza kwamba mtoto asiye na baba ni wa nyumba yake: atamchungia kondoo, na ataitwa Makonali. Mak, kwa lugha ya kule, ni kusema mwana wa. Mnanipata? Ketili alikuwa anafutwa jina la kwao huku yu hai, anakula uji.

Thora akaenda kwa bwana. Akamweleza kwamba kwa watu wake mjane ana haki ya kale: ashike kamba ya mtamba, atembee tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na ardhi atakayoizunguka ni yake na mwanawe, na jina ni lao. Sharti moja tu, kamba isitoke mkononi.

Bwana Konali akatazama dirishani. Miezi ile jua la kule linachungulia tu na kuondoka. Yeye alikuwa ameliona likitoka na kuzama kabla mchuzi wake haujapoa. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Siku moja tu, mama?"

"Moja tu, bwana."

"Chagua uitakayo."

Akaapa mbele ya watu. Wenyeji wakatazama viatu vyao, hakuna aliyemwambia kitu. Mungu anisamehe, ningekuwepo na mimi nisingemwambia.

Thora akangoja. Theluji ikayeyuka, akangoja. Kondoo wakazaa, akangoja. Ikafika ile siku ya kiangazi ambayo jua la kule husahau kwenda nyumbani. Hapo akashika kamba.

"Twende, Rauda, twende. Kamba mkononi, Mungu mbele."

Bwana Konali akaweka walinzi wamfuate. Akala chakula cha asubuhi, akatazama: jua liko. Akala cha mchana, akatazama: jua liko. Akala cha jioni, akalegeza mshipi, akatazama: jua liko, tena kama linamcheka. Walinzi nao wakachoka, wakajilaza kwenye majani. Thora akapita mlima, akapita malisho, akapita ufuko wa mawe.

Twende, Rauda, twende. Kamba mkononi, Mungu mbele.

Sasa sogeeni hapa. Penye kijito kimoja miguu ikamgomea. Akapiga magoti anywe maji, vidole vikalegea. Rauda akajiendea zake, hatua arobaini, kwenye tope. Thora akamkimbilia, akaishika kamba tena. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona ila Mungu na ng'ombe.

Jua likizama akafika alipoanzia. Nusu ya kisiwa ilikuwa ndani ya nyayo zake. Bibi Ragna, ajuza aliyehifadhi sheria za kale kichwani, akasimama kumuuliza mara tatu, ndiyo desturi.

"Thora, kamba ilitoka mkononi?"

Thora akaikaza kamba mkononi.

"Thora, kamba ilitoka mkononi?"

Ketili akamshika mama yake nguo. Thora akamtazama. Neno moja dogo, hapana, na mtoto ana jina na ardhi.

"Thora, kamba ilitoka mkononi?"

"Ilitoka, bibi. Penye kijito, hatua arobaini. Nilitaka sana kunyamaza."

Bwana Konali akaruka juu. Akadai kwamba duara limekatika, kwa hiyo yote ni yake. Bibi Ragna akamwambia aketi kwanza. Kisha akaitaja sehemu ya sheria ambayo hata Thora hakuijua: mwenye kukana hupoteza yote, mwenye kukiri hupoteza pale tu kamba ilipotoka.

"Hatua arobaini ni zako, bwana. Nenda ukazione."

Akaenda, mbio mbio, mwenye mali mpya. Tope likamla hadi magotini. Walinzi wakamvuta, akatoka, viatu vikabaki.

Mwaka ule karani wa mfalme akapita akiandika majina. Akamuuliza Ketili ni mwana wa nani. Ketili akajibu kwamba ni wa Thora. Karani akasita, akasema wanaume huandikwa kwa baba zao.

"Baba nampenda, bahari inajua alipo," akasema Ketili. "Lakini aliyenipatia jina ni mama. Andika."

Akaandika: Makthora.

Akina Makthora wakazaana, wakajaa visiwani. Na mgeni akiwauliza jina lao limetoka wapi, hawamwonyeshi mlima, hawamwonyeshi malisho. Humpeleka kwenye lile tope, ambalo hakuna aliyelilima hadi leo. Husimama pale wameinua videvu, wakasema:

"Hapa ndipo mama yetu alipoachia kamba."

Nami kamba yangu naiachia hapa. Nilipozidisha, Mola anifutie. Nilipopunguza, jazeni ninyi.
— Tumeshiba, pumzika.