Lubaba na Amana ya Mtoto Mchanga

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari za mwanamke mmoja mchamungu wa milima ya Yemen, jina lake Lubaba. Kazi yake ilikuwa kuwatazama wanawake waliotoka kujifungua. Mkunga akishamaliza yake na kuondoka, Lubaba ndiye aliyeingia. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akampikia uji wa uwatu wenye asali na samli, akamwogesha mtoto, akakaa na watu wa nyumba ile mpaka wakatulia. Hakumgusa mtoto yeyote kabla ya kusema bismillahi, na waliomjua wanasema hakupata kupaza sauti mbele ya mzazi.

Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, na kila alfajiri baada ya swala alikuwa akiomba dua ile ile, kwamba Mola amruzuku mtoto wa kumlea, kwa njia aijuayo Yeye.

Basi siku moja aliitwa nyumbani kwa Ghalib, mfanyabiashara wa asali, ambaye mkewe Nuwaira alikuwa amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza. Alipofika alikuta chumba cha mzazi kimejaa wageni. Huyu anamsifu mtoto, yule anauliza mbona mwembamba, na mwingine anasimulia, tena kwa kirefu, jinsi shoga yake alivyofariki katika uzazi. Mtoto analia. Nuwaira amejilaza ubavu, ameukabili ukuta, machozi yanamtoka bila sauti. Na mama mkwe wake, Ummu Ghalib, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, amesimama mlangoni amekunja mikono.

Lubaba akampokea mtoto, akamweka kifuani, akamsomea aya taratibu. Mtoto akanyamaza papo hapo.

Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Akishikwa na mama yake, mtoto hulia. Akishikwa na Lubaba, hutulia. Maziwa ya Nuwaira yalikuwa hayatoki vyema, ikabidi jirani mmoja amsaidie kunyonyesha, na kila mtoto alipopelekwa kwa jirani Nuwaira alizidi kuogopa kumshika.

Ummu Ghalib akamwita Lubaba faragha.

"Wewe ni mtu wa dini, na mwanangu anakuamini," akamwambia. "Mkewe hamtaki mtoto huyu, nimeona kwa macho yangu. Mwambie Ghalib kwamba hawezi kulea, arudishwe kwao. Mtoto abaki hapa umlee wewe. Utaishi nasi, na atakuita mama."

Miaka yote ile Lubaba aliomba nini, kama si hiki? Akajiambia kwamba huenda ndilo jibu lenyewe limefika. Akaomba ruhusa, akatawadha, akaswali rakaa mbili. Katika sijda akajiuliza jambo moja tu: nikisimamishwa mbele ya Mola wangu nikaulizwa, je, ni kweli kwamba Nuwaira hawezi kulea?

Naye alijua kwamba si kweli. Alikwishamwona Nuwaira, pindi akidhani hatazamwi na mtu, akinyoosha mkono kumfunika mtoto miguu. Lubaba akalia pale pale kwenye msala, kisha akajipangusa uso akamwendea Ghalib. Mama yake Ghalib alikuwa ameketi naye.

"Bwana Ghalib," akasema, "nimetakiwa nikueleze habari za mkeo. Mkeo ni mzima na anampenda mwanawe. Amechoka, na anaogopa. Hajapata usingizi wa maana tangu ajifungue, na watu hawamtoki chumbani. Mtoto amenizoea mimi kwa sababu ndimi ninayembeba. Tangu leo watambeba wenyewe."

"Wenyewe akina nani?" akauliza Ghalib.

"Wewe na mkeo."

Ghalib akavitazama viganja vyake vilivyonata asali. "Mimi? Nitamvunja."

"Nawa mikono kwanza," akasema Lubaba.

Uso wa Ummu Ghalib ulikuwa umekunjamana. "Nilikupa mtoto, ukamkataa."

"Mtoto ana wenyewe, mama. Kwangu mimi ni amana tu." Kisha Lubaba akaketi karibu naye. "Ulipomzaa Ghalib, ni nani aliyekukanda?"

Bibi yule akajibu polepole. "Hapakuwa na mtu. Niliolewa mbali na kwetu. Nilijikanda mwenyewe, na kesho yake nikaenda kuteka maji."

"Basi hakuna aijuaye hali ya Nuwaira kukushinda wewe."

Ummu Ghalib akainuka akatoka. Lubaba akadhani ndio amefukuzwa, akaanza kukunja nguo zake. Mara akasikia sauti huko mlango wa nje.

"Mzazi amelala," Ummu Ghalib alikuwa akiwaambia wageni. "Chakula mlicholeta nipeni. Maneno rudini nayo."

Kisha akaingia chumbani na beseni la maji ya moto, akalitua karibu na mkwewe. "Nionyeshe anavyokandwa," akamwambia Lubaba. "Mimi sikufundishwa na mtu."

Nuwaira alipohisi mikono ya mama mkwe mgongoni mwake, alilia, safari hii kwa sauti. "Mama, hata swala sina siku hizi. Naona kama Mungu ameniweka kando."

"Aliyekuondolea swala siku hizi za uzazi amekuruhusu kupumzika, binti yangu," akasema Lubaba. "Lala. Kulala kwako leo ni kumtii."

Akalala, na nyumba nzima ikanong'ona.

Ijumaa ikafika. Ghalib alikuwa amevaa kanzu safi, amejifukiza ubani, yu tayari kwenda msikitini, lakini hakuweza kupita bila kumbeba binti yake. Akasimama naye katikati ya chumba, mabega yamekakamaa. Ghafla akaganda.

"Lubaba," akasema kwa sauti ya chini, "anavuja."

Mkojo ulikuwa ukimtiririka toka kifuani hadi miguuni. Nuwaira akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na Ummu Ghalib naye akashindwa kujizuia, akakaa chini. Katika kicheko kile Lubaba akaona nguo ya Nuwaira imelowa maziwa kifuani.

"Mlete kwa mama yake, upesi," akasema.

Mtoto akashika ziwa. Wote wakanyamaza kumsikiliza anavyomeza, na Ghalib, kanzu yake imelowa vile vile, akasema, "Subhanallah."

Mtoto akachinjiwa mbuzi wa akika, akapewa jina Bushra. Na Nuwaira alipotoka arobaini, Lubaba akaaga. Alipomkabidhi Bushra kwa mama yake, mtoto akaangua kilio. Lubaba akaenda haraka bila kugeuka, akichelea kilio kile kisimfuate hadi njiani. Kabla hajafika mlango wa nje, kilio kikakatika. Huko chumbani Nuwaira alikuwa akimwimbia mwanawe.

Lubaba akasimama. Akangoja uchungu umshike, ukakawia, na badala yake ikamjaa furaha ambayo hakuitarajia, hata akasema alhamdulillahi kwa sauti, na mtu aliyekuwa akipita na punda wake akamwitikia.

Enyi ndugu, kila mtaa una nyumba yenye mtoto mchanga na mama aliyechoka. Tuingie humo na chakula na sauti ya chini, na tutakapotoka tuwaache wakiwa wanatoshana. Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayojua kupokea na inayojua kukabidhi.