Rangi ya Bibi

Rangi ya bibi hulala, haifi. Mmemsikia shangazi yenu akiyasema maneno hayo pale kwa mzazi, nanyi mnataka kujua yametoka wapi. Kaeni basi. Yalitoka uani kwa mtu mmoja wa milima ya Upare, jina lake Senkondo, na yalitoka kwa sababu ya mtoto wa mbwa.

Senkondo alifuga mbwa weupe wenye madoa meusi. Baba yake ndiye aliyewaleta wa kwanza kutoka mashamba ya mkonge, na watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuwaomba, kwa kuwa walijua kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Mbwa hawa huzaliwa weupe tupu. Madoa hujitokeza polepole baada ya wiki mbili hivi, kama mvua ya kwanza inavyodondoka juu ya vumbi. Mwaka ule mbwa jike alizaa watoto sita. Watano walitoka madoa meusi. Wa sita alitoka madoa ya kahawia, na pua yake nayo ikawa ya kahawia.

Siku hizohizo mkewe, Eliwaza, alijifungua mtoto wa kike. Senkondo na mkewe walikuwa weusi wa kuiva. Mtoto alikuwa maji ya kunde, na nywele zake zilikuwa na wekundu. Watu wakamkumbuka mchuuzi mmoja wa vitambaa, mweupe wa sura, aliyepita kijijini mwaka uliotangulia. Hakuna aliyemwona akiingia kwa Eliwaza, lakini maneno hayahitaji macho. Eliwaza aliapa mara tatu. Senkondo alikataa kumpa mtoto jina, akatuma habari kwa shemeji yake aje amchukue dada yake pamoja na mtoto. Jirani mmoja tu, Mama Mbonea, ndiye aliyeendelea kumletea mzazi uji wa ulezi, naye alikaa mpaka uji uishe, ili mwenzake asinywe peke yake.

Siku ambayo shemeji alitazamiwa, alitangulia kufika mama yake Senkondo, aliyekuwa akimuuguza binti yake huko Hedaru.

"Usiingie, mama," Senkondo alimwambia. "Yule si mjukuu wako."

Mama alimpita tu. Aliingia, akamwogesha mtoto, akakaa naye kitambo. Alipotoka uani na beseni lake, alimkuta mwanawe na Mzee Kiangi wa kijiji cha pili, aliyekuja kuchukua mtoto wa mbwa aliyeahidiwa. Wale watano walikuwa wamekwisha chukuliwa. Alibaki yule wa kahawia.

"Senkondo, mimi niliomba mbwa wa madoa," mzee alisema huku akicheka. "Huyu amemwagikiwa chai?"

"Ni wa madoa, mzee. Mama yake yule pale, na baba yake yule."

"Baba yake! Kijana, mbwa wako alitembea."

Senkondo alisimama. "Hakutembea! Siku zake zote za kutaka dume nilimfungia mimi mwenyewe. Bibi yake huyu mdogo, yule aliyeletwa na baba, alikuwa na madoa hayahaya ya kahawia. Rangi ya bibi hulala, mzee. Hulala, haifi."

Mama aliweka beseni chini.

"Rudia, mwanangu."

"Nirudie nini, mama?"

"Hayo uliyomwambia mzee."

"Nimesema rangi ya bibi hulala, hai…"

"Bibi yako mzaa baba, Nakijwa, alikufa wewe ukiwa tumboni mwangu," mama alisema. "Alipougua, mimi ndiye niliyemsuka. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama udongo huu unaoukanyaga, na mwenyewe alikuwa maji ya kunde. Wewe hukumwona, wala mkeo, wala hao wanaosema. Mbwa umemtafutia bibi. Mtoto wako ndiye hana bibi?"

Mzee Kiangi alivua kofia. Alimwinua yule mtoto wa mbwa, akamfunika kwa koti lake. "Namchukua huyuhuyu," alisema taratibu, akaondoka upesi, asije akawa shahidi wa aibu ya mwenzake.

Senkondo aliingia ndani. Eliwaza alikuwa ameketi kando ya furushi la nguo zake, limekwisha fungwa.

"Nimesikia," alisema. "Mbwa ulimwamini bila kumwuliza. Mimi niliapa mara tatu."

Senkondo alikaa chini, sakafuni.

"Ndugu yako akifika, nitalisema kosa langu mbele yake na mbele ya watu walewale waliokusema. Ukitaka kwenda naye, sitakuzuia. Lakini mtoto asiende bila jina. Anaitwa Nakijwa."

Eliwaza alimpakatisha mumewe mtoto. Furushi hakulifungua siku ile, wala kesho yake, hata baada ya Senkondo kusema aliyoahidi kuyasema. Alilifungua siku ya tatu, kaka yake alipoondoka peke yake.

Naye Mzee Kiangi, kila alipoulizwa mbwa wake ametoa wapi madoa ya namna ile, alijibu kwa maneno ya Senkondo, kisha akaeleza yale Senkondo mwenyewe aliyoyakiri mbele ya watu. Ndiyo maana shangazi yenu huwahi kuyasema kila aendapo kumtazama mtoto mchanga, kabla ulimi wa mtu mwingine haujamtangulia: rangi ya bibi hulala, haifi.