Matanga ya Chiriku Aliye Hai

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na bwawa!
Na ndani ya bwawa?
Tope tupu!
Basi kaeni vizuri, miguu ndani ya mkeka, hadithi isije ikawakanyaga.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na mkubwa wa bwawa hilo alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na tumbo kama pipa, na sauti kama pipa linaloviringishwa. Mwaka huo mvua haikunyesha, na maji yalipungua kila siku. Wanyama walipouliza, Kiboko alijibu, "Ni ukame. Vumilieni."

Palikuwa pia na Chiriku, ndege mdogo asiyeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa habari. Kila asubuhi aliruka mti hadi mti, chwi, chwi, chwi, akisema tai yuko upande gani, nyasi zimeota wapi, nani amejifungua, nani amekufa. Hakuna mnyama aliyetoa watoto nje kabla ya kumsikia Chiriku.

Asubuhi moja Chiriku alisema, "Chwi! Nyuma ya kilima kuna shamba la matikiti. Chwi! Shamba lina mfereji. Chwi! Mfereji unatoka bwawani, na shamba ni la Kiboko."

Mchana huohuo akaja Ngiri, askari wa Kiboko.

"Mzee anakuita," Ngiri alisema. "Dakika mbili tu."

Chiriku akaingia nyumbani kwa Kiboko. Wanyama wote walimwona akiingia. Hakuna aliyemwona akitoka.

Kiboko alimfunga mdomo kwa ukindu, akamtia ndani ya mgono, ule mtego wa fito wa kuvulia samaki, akautundika chumba cha ndani. Kisha akatoa amri: "Kuanzia leo wanyama zaidi ya watatu wasikusanyike mahali pamoja. Isipokuwa kwenye harusi na matanga."

Harusi na matanga aliviacha kwa sababu huko kuna chakula, na Kiboko hakuwahi kukosa hata sahani moja.

Kobe akaenda kumwombea mwenzake.

"Hodi, Mzee. Tunaomba umwachie Chiriku."

"Chiriku yupi?" Kiboko alisema. "Simjui, sijamwona, hapa hayupo."

Kobe akarudi, kwata, kwata. Akaenda Nungunungu.

"Hodi, Mzee. Tunaomba umwachie Chiriku."

"Chiriku yupi? Simjui, sijamwona, hapa hayupo."

Nungunungu naye akarudi.

Siku ya tano tai alishuka, vuup! Hakuna aliyekuwa ametangaza kwamba yuko karibu. Alimkosa mtoto wa mwisho wa Pimbi kidogo tu, akamwachia mkwaruzo mgongoni.

Sasa Pimbi mnamjua. Ni mnyama wa mawe, mnene, mfupi, kama sungura aliyesahau masikio nyumbani. Alikuwa na watoto wanne na kazi nyingi. Alimpaka mtoto dawa, akamwambia mkubwa, "Angalia wenzako, wasitoke," akabeba mkeka, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Mzee. Chiriku yuko?"

"Chiriku yupi? Simjui, sijamwona, hapa hayupo."

"Na huko nje nako hayupo," Pimbi alisema. "Basi amekufa. Pole sana, Mzee."

Akatandika mkeka mlangoni, akakaa, akanyoosha miguu, akalia, "Uwiiii! Chiriku wetu, uwiiii!"

"Unafanya nini hapo?"

"Nakaa matanga."

"Mlangoni kwangu?"

"Ndiyo desturi yetu, Mzee. Maiti isipoonekana, matanga hukaliwa kwenye nyumba aliyoingia mwisho. Mwenye nyumba ndiye mwenye msiba, na ndiye anayelisha watu. Mume wa Nungunungu alipopotelea pangoni kwa Fisi, wewe mwenyewe ulikaa kwa Fisi siku tisa. Fisi alikonda."

Kiboko akalamba midomo. Zile siku tisa alizikumbuka. Chakula kilikuwa kizuri.

Waliposikia kilio, wanyama walikuja na mikeka yao. Kobe, Nungunungu, nyani na watoto wao, swala na shangazi zao. Ngiri akakimbilia mlangoni.

"Tawanyikeni! Mkutano ni marufuku!"

"Mkutano gani, bwana Ngiri?" Pimbi aliuliza. "Huu ni msiba. Kasome amri ya mkubwa wako."

Mmoja baada ya mwingine wakamshika Kiboko mkono. "Pole sana, Mzee." "Mungu akupe subira, Mzee." Kisha wakakaa, wakamtazama. Ikabidi Kiboko amtume Ngiri akalete matikiti.

Siku ya kwanza wakalia, wakala, wakalala. Uwiii, kachu kachu, khrrr.

Siku ya pili walikuja wengi zaidi. Wakalia, wakala, wakalala. Uwiii, kachu kachu, khrrr.

Siku ya tatu Kobe alishika kipande cha tikiti, maji yakamchuruzika hadi kwenye gamba.

"Tikiti hili lina maji," alisema.

"Mengi," alisema Nungunungu.

"Na bwawa ni kavu."

"Kula, mzee Kobe," Pimbi alisema. "Msibani hatuulizi. Tunaonja tu."

Basi wakaonja. Uwiii, kachu kachu, khrrr.

Siku ya nne Ngiri alirudi kutoka shambani na tikiti moja, dogo, la kijani. Kiboko alilitazama tikiti. Aliwatazama waombolezaji.

"Matanga haya yanaanuliwa lini?"

"Yakifika arobaini," Pimbi alisema. "Marehemu alikuwa na ndugu wengi. Wa ng'ambo ya mto bado hawajafika."

Kiboko akapiga mguu chini, tiii!

"Hajafa!"

"Nani hajafa?"

"Chiriku!"

"Chiriku yupi, Mzee?" Pimbi aliuliza taratibu. "Si humjui?"

"Namjua! Nimemwona! Yumo ndani, kwenye mgono! Ngiri, mlete!"

Ngiri akaleta mgono. Ndani yake palikuwa na kifurushi kidogo cha manyoya, macho mawili, na mdomo uliofungwa. Wanyama wakanyoosha shingo. Pimbi alikaribia. Uso wake ulibaki wa msibani.

"Mzee, unatudhihaki. Chiriku hanyamazi. Huyu kimya."

"Nimemfunga mdomo!"

"Hiyo ni kauli yako tu."

Kiboko akapitisha jino kati ya fito, akakata ukindu. Chiriku akakohoa, "Chw... chwi."

"Sauti inafanana," Pimbi alisema. "Lakini Chiriku alikuwa akiruka. Huyu kakunjamana tu. Atakuwa panya. Jamani, tandikeni mikeka, tuendelee. Uwiiii!"

"Si panya!" Kiboko alinguruma, na kwa pupa ya kuokoa tikiti lake la mwisho, akaufungua mgono kwa mkono wake mwenyewe. "Ruka, wakuone!"

Purrr!

Chiriku akaruka. Alipepesuka kidogo, akapita juu ya kichwa cha Ngiri, akatua kileleni mwa mkuyu. Hakusalimia mtu.

"Chwi! Tai yuko kwenye mwamba wa kaskazini. Watoto ndani! Chwi! Na yale niliyoyasema juu ya shamba ni kweli. Chwi! Matikiti mmeyala wenyewe."

Pimbi akakunja mkeka.

"Matanga yameanuliwa," alisema. "Asante kwa chakula, Mzee. Mungu akuzidishie."

Wanyama wengine wote wakaondoka, mikeka kichwani, moja kwa moja hadi kwenye mfereji. Wakauziba. Pimbi hakwenda. Alirudi mbio kwake, akahesabu watoto: mmoja, wawili, watatu, wanne. Ndipo akaketi.

Na funzo lake, watoto, ni hili: nyamazeni. Chiriku alinyamaza siku tisa ndani ya mgono, na mmeona ukimya ulivyomsaidia. Tena msimlilie mtu ambaye hajafa, ni mkosi. Muulizeni Kiboko.

Hadithi yangu imefika ukingo wa mkeka. Ikiwa tamu, mpelekeeni na jirani. Ikiwa chungu, niachieni hapa, nitasugulia sufuria.