Kobe na Mzuka wa Jumba la Saa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimesinyaa? Mzuka wenyewe sijamtaja, nyinyi mmeshakumbatiana! Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana lifti zilikuwepo (mbovu, lakini zilikuwepo), palikuwa na jumba katikati ya mji lililoitwa Jumba la Saa. Lilikuwa la kwanza mjini kuipita minazi kwa urefu, na ghorofa yake ya juu kabisa ilikuwa na mzuka. Wapo waliosema ana miguu ya punda. Wapo waliosema hana miguu kabisa. Wapo waliosema anayo, ila ameivaa kinyumenyume. Hakuna hata mmoja aliyemwona, na wote walikuwa tayari kuapa.

Sasa, huko huko juu ndiko alikoshonea Bi Siwema, fundi wa nguo za maharusi. Kila siku alimpita mzuka bila salamu, kwa kuwa hakumwona. Siku moja, jua la utosi, mzuka akachoka kudharauliwa, akanguruma. Bi Siwema akaporomoka ngazi kama gunia la nazi, gauni la bibi harusi na cherehani vikabaki juu.

"Jamani, harusi ni Ijumaa!" akalia. "Mtoto wa watu ataingia ukumbini na kanga ya jikoni! Nani atanipandia?"

Jogoo akatunisha kifua. "Mimi!" Akapanda, akapanda, akapanda. Kufika juu akasikia: "Nani huyo anayepanda kwangu bila kuniamkia?"

Jogoo akarudi chini bila mkia. "Huko juu kuna joto," akasema, akaenda zake.

Mbuzi akasema, "Jogoo ni kelele tu. Mimi nina ndevu." Akapanda, akapanda, akapanda. "Nani huyo anayepanda kwangu bila kuniamkia?" Mbuzi akashuka jumba zima bila kukanyaga ngazi, ndevu zimehamia mgongoni.

Akajitokeza Kobe.

"Ewe Kobe," akasema Bi Siwema, "leo Jumatatu, na harusi ni Ijumaa!"

"Ndiyo maana naondoka sasa hivi."

Akapanda, akapanda, akapanda. Alhamisi asubuhi akachomoza kichwa juu.

"Nani huyo anayepanda kwangu bila kuniamkia?"

Kobe akavuta pumzi. "Nikuamkie mimi? Kwani wewe umezaliwa lini?"

Mzuka akababaika. Swali hilo hajawahi kuulizwa. "Mimi... mimi ndiye mwashi niliyelijenga jumba hili!"

"Aa, juzi tu! Kabla ya jumba hapa palikuwa na shamba la mihogo, nami nikila majani yake. Babu yako akipita, makamasi yanamchuruzika, namwambia pangusa pua, mtoto. Sasa nani amwamkie nani?"

Ukubwa ni ukubwa, hata kwa wafu. Mzuka akavua kofia, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, beba hilo gauni upeleke chini. Halafu cherehani. Halafu unibebe na mimi."

Mnaijua desturi yetu: ukishamwamkia mtu, umekwisha, utatumwa. Waliokuwa chini wakaona gauni jeupe linashuka ngazi peke yake, wakatimua mbio wakaacha viatu. Bi Siwema hakukimbia, maana yeye aliiogopa Ijumaa kuliko mzuka. Akalidaka gauni, akaketi, akamalizia pindo, na bibi harusi akang'ara ukumbini hadi mashangazi wakalia.

Tangu hapo mzuka hana raha. Babu anataka maji. Babu anataka mchicha. Babu anataka kukunwa gamba. Mwisho akapiga magoti. "Babu, nitatumwa mpaka lini?"

"Mpaka ukue, mjukuu wangu."

Mzuka akafurahi, akashukuru sana, akachukua ndoo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mzuka bado yuko kwenye foleni ya maji.